Kijiji Kinachoweza Kuvumilia

Taa ya mashine ya Fulgensi iligeuka njano saa nne kamili asubuhi, jua likiwa limeshapanda, na hapo ndipo Bibi Leokadia alipojua kwamba tangazo la jana la kupunguziwa umeme halikuwa mzaha.

Alikuwa amemletea uji. Fulgensi alikuwa jirani yake, nyumba zao zikichangia ukuta mmoja. Alikuja kijijini Kitowero ujanani kutoka Songea, kuchimba kinywe, yale madini meusi yanayoteleza vidoleni, ambayo betri zote za kanda zilitengenezwa kwayo. Alichimba miaka kumi na tisa. Vumbi likamwachia mapafu magumu kama ngozi ya ngoma iliyosahaulika juani, na sasa alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni iliyokaa kando ya kitanda ikinguruma kama paka aliyeshiba.

"Mpogoro," alisema kwa sauti nyembamba, "umeujaza uji chumvi tena. Unataka nife unirithi?"

"Nikurithi nini, Mngoni wewe? Hiyo shuka yenye matundu?"

Walikuwa watani, kwa kabila na kwa mazoea ya miaka thelathini. Leokadia alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye taa. Kijani maana yake umeme wa kijiji unaingia. Njano, mashine inakula betri yake yenyewe, ambayo haizidi masaa mawili na nusu. Nyekundu, imebaki nusu saa.

Alirudi kwake, akachomoa betri ya jiko lake, akaja nayo imekumbatiwa kifuani kama mtoto, akaichomeka kwenye mashine ya Fulgensi. Njano ikatulia.

"Kunywa," alisema. "Nafika ghalani mara moja."

Ghala lilikuwa jengo la mabati katikati ya kijiji, ambamo jua la mchana lilihifadhiwa katika betri kubwa kama makabati. Watu walikuwa wameshajaa. Skolastika, mtunza ghala, alikuwa ametoa benchi lake nje na kuliweka kivulini kwa ajili ya wenye miguu mibovu. Yeye mwenyewe alisimama juani, akisoma kwenye kioo cha mtambo.

"Mgawi amesema hivi," alisoma. "Kitowero, tangu leo hadi mvua ziishe, masaa manne kwa siku. Kuanzia kumi na mbili asubuhi hadi saa nne."

Mgawi hakuwa mtu. Alikuwa mashine ya kufikiri iliyokaa makao makuu ya kanda. Zamani umeme ulikwenda kwa wakubwa na kwa jamaa za wakubwa, na vijiji vilivyotazama nyaya zikipita juu ya mapaa yao vilikaa gizani. Watu walilalamika hadi wakachoka, wakapumzika, wakalalamika tena. Ndipo akaletwa Mgawi, asiyekula rushwa wala asiye na shemeji. Msimu wa mvua, jua linapokuwa haba na umeme hautoshi wote, Mgawi huangalia nani ataumia zaidi akikosa, naye ndiye hupewa kwanza. Siku alipozinduliwa, Leokadia alicheza ngoma mpaka khanga ikamwanguka.

"Sababu ni nini?" aliuliza Damasi, fundi seremala. "Sisi tumemkosea nini?"

Skolastika alisita. Alisoma kimoyomoyo kwanza, kisha kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari ya msiba. "'Uwezo wa kuvumilia: mkubwa kuliko vijiji vyote vya kanda. Ushahidi: mapokeo ya kijiji, kama yalivyosimuliwa na Leokadia Lihawa.'"

Watu wote waligeuka kumtazama. Hakuna aliyemtukana. Damasi alisogea kwenye benchi, akampisha nafasi, na wema ule ulimchoma kuliko ambavyo tusi lingemchoma.

*

Kandida alikuja siku ya tatu, baada ya kupigiwa simu mara saba.

Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Leokadia, na Leokadia ndiye aliyemlea tangu ana miaka minne. Enzi hizo Kitowero kilikuwa na taa chache, na nyumba saba za mtaa ule zilipeana zamu ya kumwangazia Kandida asome: leo kwa Damasi, kesho kwa Fulgensi, kesho kutwa kwa Skolastika. Fulgensi alikuwa akitoka mgodini amechoka, anajilaza sakafuni ili mtoto akae penye meza. Msichana yule akaenda vyuo akarudi mhandisi, mmoja wa waliomfundisha Mgawi kufikiri.

Miaka mitatu iliyopita alikuja na kifaa kidogo kilichoitwa sikio, akakiweka juu ya kinu jikoni. "Mama, nieleze mnavyoishi," alisema. "Mgawi hajui watu. Nataka awajue kupitia kwako."

Leokadia akaeleza. Alieleza kwamba kwao, tangu mababu, mtu akija mlangoni na kigae kuomba kijinga cha moto, hanyimwi, hata kama mligombana jana. Aliyemnyima jirani moto alitozwa kuku, na kuku yule aliliwa na kijiji kizima huku yeye akitazama. Siku hizi hakuna anayeomba kijinga, lakini betri huombwa vilevile na hutolewa vilevile. Alieleza jiko la zamu, nyumba saba zikipikia jiko moja la umeme kila siku ili mengine yapumzike. Alieleza kwamba hakuna aliyepangiwa kumwangalia Fulgensi, na hakuna siku betri yake ilikauka. Aliongea mchana kutwa, kwa fahari. Kandida alimshika mkono akasema, "Ahsante, mama. Hiki ndicho nilichokitaka."

Sasa aliingia akiwa amevua viatu mlangoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula njiani."

"Njiani si nyumbani. Kaa."

Leokadia alimwekea ugali na kisamvu, akangoja mpaka amemaliza tonge la mwisho. Mtu haulizwi neno gumu akiwa na njaa. Alipomnawisha mikono ndipo aliposema, "Ulijua?"

"Nilijua Mgawi atasikiliza. Sikujua ataamua hivi." Kandida alifuta mikono polepole. Kisha, kwa kuwa alilelewa katika nyumba hii na uongo ulimshinda humu, akaongeza: "Mwaka jana nilijua."

"Mwaka mzima?"

"Mama, sikiliza. Unapajua Makao Mapya, yale maghorofa ya mjini? Mwaka jana yalikatiwa umeme siku moja na nusu. Walikufa watu kumi na mmoja. Mmoja wao alipatikana baada ya siku tisa, na jirani yake alikuwa ng'ambo ya ukuta. Hawajuani wale. Hawagongeani. Siku hiyohiyo huku kwenu umeme ulikatika pia, hakufa mtu. Mgawi aliona hayo mawili akayapima. Penye watu wanaosaidiana, umeme ukikosekana hauui. Pasipo na msaada, unaua. Akawapa wale. Sasa hivi mimi nikikaa niandike hesabu nyingine, sijui niandike ipi yenye haki kuliko hiyo."

"Huku kwenu," alisema Leokadia.

"Mama?"

"Umesema huku kwenu. Tangu lini ni kwenu?"

Kandida alikunja kitambaa alichofutia mikono.

"Unakaa wapi siku hizi, mwanangu?"

"Makao Mapya. Ghorofa ya pili."

"Kwa hiyo kwako taa inawaka."

"Inawaka, mama."

Nje kuku alikuwa akitaga, akipiga kelele kana kwamba hajawahi kutaga. Leokadia alikusanya vyombo. Akavitumbukiza ndani ya maji.

"Nilikupa maneno yetu uyatunze," alisema hatimaye. "Hukusema kwamba siku moja yatatumika kutunyima."

"Nimekuja kurekebisha." Kandida alisogea karibu. "Jumamosi Mgawi anapima upya. Kila mita ya nyumba ina sikio, anaona betri zinavyohama. Kama kuanzia saa nne hadi jioni hakuna betri itakayovuka kizingiti cha mtu, ataona kuwa na nyie mnaumia. Hasa nyumba ya baba Fulgensi. Mgonjwa akifika kwenye taa nyekundu bila msaada, Kitowero kitapanda juu kabisa ya orodha. Mtapata umeme wa siku nzima, msimu wote. Nitakuwa ofisini natazama, na kabla ile nusu saa haijaisha nitafungua umeme wa dharura kwa mkono wangu."

"Tutamwambia ajiandae."

"Hapana. Mashine yake inasikia mapigo ya moyo. Akijua, hataogopa. Asipoogopa, Mgawi atajua ni mchezo."

Leokadia alimtazama mtoto aliyemlea. Alitafuta usoni pake alama ya ukatili, hakuiona. Aliona mtu aliyechoka, anayetaka kusaidia, na hilo lilimtisha zaidi.

*

Kijiji kilikubali. Walikaa ghalani mchana wa Ijumaa, wakabishana, wakakubali huku hawatazamani. Damasi alisema, "Nusu saa ya hofu kwa msimu mzima wa pumzi. Angekuwa yeye angetuchagulia hivyohivyo." Hakuna aliyependekeza Fulgensi aulizwe. Leokadia naye aliinua mkono.

Jumamosi saa nne, umeme ulikatika na milango ikafungwa. Leokadia aliketi kwenye kigoda kando ya ukuta waliouchangia, betri yake imejaa, iko magotini.

Masaa mawili yalikwenda. Saa sita alisikia mashine upande wa pili ikianza kulia: pii, pii, pii. Nyekundu.

Kisha ngumi ukutani.

"Mpogoro! Umekufa bila kuniaga? Nikacheze msibani kwako?"

Leokadia alifumba macho.

"Wewe mama. Leo unanilipizia ile ya chumvi?" Akakohoa. "Haya, nimekoma. Uji wako ni mtamu."

Pii, pii, pii. Alisikia pumzi zake zikivutwa kama kamba kwenye kisima kirefu. Alihesabu dakika kwa vidole. Nane. Tisa. Kule mjini Kandida anatazama, alijiambia. Kumi na tano. Msimu mzima wa pumzi.

"Leokadia." Sasa hakukuwa na utani ndani yake. "Leokadia, huna kawaida ya kunyamaza. Umeanguka? Kama umeanguka, gonga mara moja tu." Kimya. "Usiogope. Nakuja."

Akasikia kitanda kikilia. Akasikia miguu ikitafuta sakafu.

Hakukumbuka baadaye jinsi alivyofungua mlango. Alimkuta Fulgensi kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, ameanguka kwa ubavu, mrija umemtoka puani, midomo imekuwa rangi ya jivu, mkono mmoja umenyooshwa kuelekea nyumba ya jirani. Alimburuta ndani. Hakuwa na nguvu za kumwinua, basi akaishusha mashine sakafuni, akachomeka betri, akamrudishia mrija, akakipakata kichwa chake mpaka rangi ikaanza kurudi.

"Nilidhani umeanguka," alisema Fulgensi, sauti ilipopatikana.

Angeweza kusema nimeanguka. Angeweza kusema nilisinzia. Leokadia alimwambia yote, kuanzia kinu na sikio hadi mkono wake ulioinuliwa ghalani.

Fulgensi alisikiliza akitazama dari. "Wote?"

"Wote."

"Hata Damasi?"

"Hata Damasi."

"Na wewe ulikuwa hapo ng'ambo. Ukinisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

Aligeuza uso ukutani. Leokadia alingoja tusi lolote, la utani au la kweli. Halikuja.

Jumatatu Skolastika alisoma uamuzi mpya bila kuinua macho. Mgawi aliuona mlango mmoja ukifunguka dakika kumi na nane baada ya taa nyekundu, katika kijiji ambacho siku ile kilijizuia kusaidia. Aliandika: "Msaada hufika hata unapozuiliwa." Kitowero kikashushwa hadi masaa matatu.

*

"Nataka nikupeleke kwenye umeme," Leokadia alimwambia Fulgensi. "Kwa Kandida. Utakubali?"

"Nitakwenda kwa kuwa nataka kupumua," alijibu. "Si kwa ajili yako, Bibi Leokadia."

Katika miaka thelathini hakuwahi kumwita Bibi Leokadia.

Damasi alitengeneza machela asubuhi hiyo, akaiweka mlangoni akaondoka bila kubisha hodi, lakini pale ambapo bega la mgonjwa lingegusa mbao, alikuwa amepigilia kipande cha godoro. Nyumba nne zilileta betri nne. Skolastika aliendesha trekta mwenyewe, taratibu, akikwepa kila shimo, na njia nzima hakuna aliyeimba.

Makao Mapya palikuwa pasafi na kimya. Korido ya ghorofa ya pili ilikuwa na milango kumi na miwili, na juu ya kila mlango kulikuwa na sikio dogo la kioo. Skolastika alisaidia kupandisha machela, mashine na betri, kisha akashuka kuliangalia trekta, lililoziba njia.

"Hodi," alisema Leokadia.

Kandida alifungua. Alimwona mama yake, akaona machela, akatazama juu ya mlango wa jirani kabla ya kusema lolote.

"Ingieni upesi," alisema, na walipoingia alishusha sauti. "Mama, hapa haiwezekani. Nitatafuta kituo cha wagonjwa, nitatafuta kitu, lakini hapa haiwezekani."

Leokadia alikuwa ameshapiga magoti, anapapasa ukuta kutafuta soketi. Akachomeka. Taa ikawa kijani. Betri ya mwisho ilikuwa imebakiza chaji ya robo saa. Fulgensi alivuta pumzi ndefu, ya kwanza ya aina hiyo tangu Jumamosi, akafumba macho.

"Haiwezekani kwa nini?"

Kabla Kandida hajajibu, kwenye mlango uliobaki wazi alitokea mwanamke wa makamo mwenye kitambaa kichwani. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, kiti cha mbao chenye mikono, kizito kumzidi.

"Samahanini," alisema. Alisema kwa woga, kama mtu anayejaribu lugha aliyoisahau. "Nimeona mgonjwa. Mgonjwa wa kifua halali chali. Nimeleta kiti."

"Rudi ndani, dada," alisema Kandida. "Tafadhali."

Yule mwanamke alisimama palepale, nusu ndani, nusu nje. Juu ya mlango, sikio lilikuwa limewasha nukta ndogo ya bluu, alama kwamba linasikiliza.

"Mama," Kandida alinong'ona, "hiyo ndiyo sababu. Mgawi akiona humu watu wameanza kusaidiana, atatuhesabu na sisi tunaweza kuvumilia. Wote humu wanalijua hilo. Ghorofa ya tano walianza kupikiana mwezi wa nne, wakakatiwa. Mwambie arudi. Wewe atakusikia."

Leokadia alimtazama mwanamke mwenye kiti. Siku zote hizi alikuwa amewachukia watu wa Makao Mapya bila kuwajua, wale walioachana wafe huku ukuta ukiwatenganisha. Sasa aliuona mkono wa huyu mmoja, mshipa umemtoka kwa uzito, na bado hajakiweka kiti chini. Hawakuzaliwa bila huruma. Waliachana kwa kutojuana, na sasa wanafundishwa wasijuane kamwe.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Prisila."

"Karibu, Prisila. Kiti hiki kizito. Shika huko, nami nishike huku."

"Mama, nakuomba," alisema Kandida, na mkono wake ulikuwa kwenye kitasa. "Kuna watu mia mbili humu."

"Nimekusikia. Hata kwetu tulikuwa wengi." Leokadia hakupandisha sauti. "Funga mlango kama unataka kuufunga. Sitakuzuia. Lakini sitamtoa mtu aliyekuja na kiti. Ukifunga, huyu atakuwa ndani."

Kandida alilitazama sikio. Aliwatazama wanawake wawili wameshika kiti kimoja, akamtazama Fulgensi, ambaye zamani alilala sakafuni ili yeye akae penye meza. Kisha akachukua mkoba wake kwenye msumari, akatoka kwenye nyumba yake mwenyewe, akauvuta mlango nyuma yake.

Waliweka kiti kando ya dirisha. Walimwinua Fulgensi pamoja, mmoja kila kwapa, na Prisila alijua namna ya kumshika, kwani kumbe aliwahi kumuuguza mama yake. Fulgensi hakumtazama Leokadia. Alimtazama yule mgeni akasema, "Ahsante, dada."

Leokadia alisimama akisikiliza hatua za Kandida zikishuka ngazi hadi zikaisha. Mlango haukubamizwa. Ulifungwa polepole, kwa mikono miwili, kama mtu anavyofunga chumba cha mgonjwa aliyelala. Aliufunga polepole, alijiambia. Angalau aliufunga polepole. Kisha akainama kumfunika miguu Fulgensi, ambaye hakumruhusu wala hakumkataza.